KIDONDA KINYWANI MWA MZEE: UMRI SI HUKUMU

Wengi wetu tunaofanya kazi katika mashamba ya michikichi na viwanda vya mawese vya Rumonge, au katika viwanda vya Bujumbura, tuna mzee nyumbani. Yuko Kabezi, yuko Magara, yuko Minago. Amewalea watoto wetu tukiwa kazini, na mwisho wa mwezi anangoja tumpelekee sukari na tumbaku yake. Siku moja tunafika na kumkuta anatafuna upande mmoja. Tunamwuliza, anajibu, "Ni jino tu." Mwezi wa pili hajapona. Mwezi wa nne shavu limevimba, hali tena ugali, na wajukuu wanakaa mbali naye kwa sababu ya harufu ya kinywa.

Hapo ukoo hukutana, na mara nyingi husikika maneno ya namna mbili. Wa kwanza husema, "Amekwisha kula chumvi nyingi, mwacheni apumzike." Wa pili husema, "Tuuze shamba, apelekwe popote, akatwe, achomwe, afanyiwe kila kitu." Maneno haya yanaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Wote wawili wamekata shauri kabla ya kujua ugonjwa umefika wapi, mwili wa mzee una nguvu gani, na mzee mwenyewe anataka nini.

Makala hii inaeleza maswali hayo matatu, na tiba zinazofuata majibu yake. Jambo tunalotaka kila mfanyakazi alishike ni hili: umri peke yake si sababu ya kumnyima mzee tiba, wala si sababu ya kumtesa kwa tiba asiyoiweza.

UGONJWA WENYEWE

Saratani, ambayo wengi wetu tunaiita kansa, ni chembe za mwili zilizoacha utaratibu wake, zikawa zinaongezeka bila kikomo. Saratani ya kinywa kwa kawaida huanza katika ngozi laini inayofunika midomo, ulimi, ufizi, mashavu, kaakaa na mahali pa chini ya ulimi. Kwanza huwa ni kidonda au uvimbe mdogo. Baadaye huzama ndani, hula mfupa wa taya, na mbegu zake huhamia kwenye tezi za shingo. Haiambukizi. Kula naye sahani moja hakuna hatari. Wala si kazi ya jirani mwenye husuda.

Chanzo kikubwa kinachojulikana ni tumbaku: ya sigara, ya kiko, ya kutafuna, na ile ya kuwekwa chini ya mdomo. Cha pili ni pombe, na hasa pombe kali kama kanyanga. Viwili hivyo vikikutana katika mtu mmoja, madhara hayajumlishwi tu, bali huzidishana. Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi kuna pia tambuu yenye popoo. Mwaka 2004 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, walithibitisha kwamba popoo huleta saratani hata isipochanganywa na tumbaku.

Madhara haya hujilimbikiza kwa miaka mingi, na ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata zaidi watu wazima na wazee. Lakini wapo pia waliougua ambao hawakuvuta hata siku moja. Kwa hiyo tusianze kwa kumlaumu mgonjwa. Lawama haijapata kuponya kidonda.

DALILI ZISIZONGOJA

Mpeleke mzee akaangaliwe kinywa ukiona moja ya haya:

1. Kidonda kinywani au mdomoni kisichopona kwa wiki mbili au tatu, hata kama hakiumi. Mwanzoni saratani nyingi haziumi, na hilo ndilo linalotudanganya.
2. Bato jeupe au jekundu lisilofutika.
3. Uvimbe kinywani, au tezi ngumu shingoni isiyotoweka.
4. Jino lililolegea bila sababu, au shimo la jino lililong'olewa ambalo halijafunga.
5. Ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, ganzi ya mdomo wa chini, au maumivu ya sikio la upande mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba si kila kidonda ni saratani. Jino lenye ncha kali huchubua ulimi. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri huchubua ufizi. Kaswende na kifua kikuu huweza kuonekana kinywani, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI huweza kutokea aina nyingine ya saratani iitwayo Kaposi, yenye madoa ya zambarau. Tiba za magonjwa hayo zinatofautiana kabisa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujua kwa macho tu, awe daktari au mganga. Ni lazima kikatwe kipande kidogo cha kidonda, baada ya sindano ya ganzi, kikapimwe katika maabara.

Watu wengi huogopa kipimo hiki. Wanasema kidonda kikiguswa na chuma kitasambaa. Si kweli. Kinachosambaza ugonjwa ni kungoja. Mgonjwa aliyekatwa kipande akaendelea kuugua, alikuwa na ugonjwa huo kabla ya kukatwa.

Njia ya kawaida ni kuanza katika kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya Kabezi au ya Rumonge, na kutoka hapo kupata barua ya kwenda hospitali kubwa za Bujumbura. Chukua daftari. Andika tarehe kidonda kilipoonekana, dawa zote anazotumia mzee, na jibu la kila daktari. Usitoke hospitalini bila karatasi ya matokeo. Nchi yoyote utakayokwenda baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza.

SWALI LA KWANZA: UGONJWA UMEFIKA WAPI?

Daktari hupima ukubwa wa uvimbe, hupapasa shingo, na ikiwezekana huagiza picha ya taya, ya shingo na ya kifua. Uvimbe usiozidi sentimita 2, bila tezi shingoni, ni wa mwanzo kabisa. Uliofika sentimita 4 bado unaweza kuhesabiwa miongoni mwa ile ya mapema. Ukizidi hapo, ukala mfupa, au tezi za shingo zikavimba kwa saratani, ugonjwa umekomaa na tiba inakuwa nzito. Ukifika kwenye mapafu, kwa kawaida lengo haliwi tena kuuondoa bali kumpa mgonjwa unafuu.

SWALI LA PILI: MWILI UNA NGUVU GANI?

Hapa ndipo tunapokosea kwa kuhesabu miaka. Tuchukue mfano wa wazee wawili. Hatumsemi mtu yeyote. Wote wana miaka 82, na wote wana kidonda cha sentimita 2 pembeni mwa ulimi, shingo haina kitu. Wa kwanza ni mama anayepalilia maharage yake kila asubuhi, anayepanda mlima kwenda kanisani, na anayekumbuka deni la kila mtu mtaani. Wa pili ni baba ambaye hatoki kitandani bila kushikwa, moyo wake umedhoofu, amepungua kilo nyingi, na siku nyingine hamtambui mwanawe. Miaka yao ni sawa, lakini miili yao haiko sawa hata kidogo.

Madaktari wana njia ya kulipima jambo hili. Ipo orodha moja fupi ya maswali manane, yanayoulizwa kwa dakika chache tu. Je, hamu ya chakula imepungua? Amekonda kiasi gani? Anatembea? Kumbukumbu na moyo wake vikoje, ana huzuni? Uzito wake unalingana na urefu? Anatumia dawa zaidi ya tatu? Anajionaje akijilinganisha na wenzake? Ana umri gani? Alama ya juu ni 17. Akipata 14 au chini yake, apimwe kwa kina kabla ya kuamua tiba nzito. Angalia, ndugu msomaji: umri ni swali moja tu kati ya manane.

Tena udhaifu mwingine unaweza kupunguzwa. Mzee mwenye upungufu wa damu, shinikizo la damu lisilotibiwa, au njaa ya wiki nyingi kwa sababu hawezi kutafuna, huonekana dhaifu kuliko alivyo. Akitibiwa hayo na kulishwa vizuri kwa muda, huenda akaiweza tiba aliyoonekana haiwezi.

SWALI LA TATU: MZEE ANATAKA NINI?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji ni sawa. Kwa ugonjwa huu lazima aulizwe.

Mara nyingi wanawe hunong'onezana na daktari mlangoni, naye mzee amekaa ndani akidanganywa kwamba ana jino bovu. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini yeye ndiye atakayekatwa ulimi, na ndiye atakayelala wiki saba katika mji asioujua. Apewe habari kwa upole, kwa lugha yake, na mtu anayemwamini. Aulizwe: Unajua nini juu ya ugonjwa huu? Unaogopa nini zaidi, maumivu, kufa mbali na nyumbani, au kushindwa kusema? Kuna jambo unalotaka kuliona au kulimaliza? Mzee mmoja atasema yuko tayari kwa kisu ili aendelee kula na watu wake. Mwingine atasema anataka maumivu yaishe na alale kwake. Majibu yote mawili yana haki ya kusikilizwa. Na akibadili nia kesho, asikilizwe tena.

TIBA YA KISU

Kwa saratani ya kinywa iliyo ndogo, upasuaji ndio tiba ya kwanza. Faida yake kwa mzee ni kwamba ni kazi ya siku moja, kisha siku za kupona. Yule mama wa mfano wetu, kwa kadiri tunavyoweza kusema bila kumwona, anafaa kupasuliwa kama angekuwa na miaka 60.

Kuna suala la shingo. Katika hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, nchi yenye wagonjwa wengi sana wa ugonjwa huu, madaktari walilinganisha wagonjwa walioondolewa tezi za shingo pamoja na uvimbe mdogo wa kinywa, na wale waliongojewa mpaka tezi zivimbe. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, katika kundi la kwanza waliokuwa hai walikuwa asilimia 80, katika la pili asilimia 67.5. Kwa hiyo daktari akipendekeza kupasua shingo ambayo kwa macho haina kitu, msidhani anatafuta fedha. Lakini kwa mzee sana, mwulizeni kama faida hiyo inazidi mzigo wa upasuaji mrefu zaidi.

Hatari za mzee baada ya kupasuliwa zinajulikana: homa ya mapafu, kuchanganyikiwa akili kwa siku chache, na kumeza vibaya. Nyingi zinapunguzwa na ndugu walio kando ya kitanda. Mkalisheni wima, mtembezeni mapema daktari akiruhusu, mpeni miwani yake, na awepo mtu wa nyumbani ambaye sauti yake anaijua.

Tusikilize kisa kimoja cha kweli. Sigmund Freud, daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili wa Vienna, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene. Mwaka 1923, akiwa na miaka 66, aligunduliwa na saratani ya kinywa. Aliondolewa sehemu ya taya ya juu na kaakaa, akawekewa kaakaa la bandia lililomtesa sana, akapasuliwa zaidi ya mara 30, na hakuacha kuvuta. Hata hivyo aliishi miaka 16 zaidi, akiandika na kupokea wagonjwa, hadi alipofariki London mwaka 1939 akiwa na miaka 83. Kisa hiki kinafundisha mambo mawili pamoja: tiba inaweza kumpa mtu mzima miaka mingi ya kazi, na miaka hiyo inaweza kuwa na gharama ya mateso. Mgonjwa ajue yote mawili kabla ya kukubali.

TIBA YA MIONZI

Mionzi huua chembe za saratani bila kukata. Hutumika baada ya upasuaji ikiwa ugonjwa ulikuwa umekomaa, au badala ya upasuaji. Tatizo ni muda na safari. Tiba kamili huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kila wiki. Kinywa huchubuka, mate hukauka, chakula hukosa ladha.

Wagonjwa wengi wa Burundi wamekuwa wakiifuata mionzi katika nchi jirani. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, iliyofanywa taasisi ya kujitegemea mwaka 1996. Mwanza kuna hospitali ya Bugando. Kampala kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967. Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Kabla ya kumpandisha mzee garini, pigeni simu mwulize mambo matatu: mashine inafanya kazi? Foleni ni ya wiki ngapi? Mpaka uko wazi? Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na wagonjwa wakakaa zaidi ya mwaka bila nyingine. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Mambo hayo hayamo katika karatasi ya daktari, lakini ndiyo huamua kama mzee atatibiwa au atalala stendi.

Kwa mzee dhaifu ipo njia fupi. Madaktari wa Australia walieleza mwaka 2005 mpango wa dozi nne katika siku mbili, unaoweza kurudiwa baada ya wiki nne, hadi mara tatu. Haukusudii kuponya, bali kupunguza uvimbe, damu na maumivu. Basi ndugu wakiambiwa, "Hawezi wiki saba," wasirudi nyumbani kimya. Waulize, "Je, kuna mionzi mifupi ya kumtuliza?"

DAWA ZA SARATANI

Wengi hudhani dripu ikiongezwa juu ya mionzi, tiba itakuwa kali na bora zaidi. Kwa vijana mara nyingi ni hivyo. Lakini mwaka 2009 yalijumlishwa majaribio 93 ya saratani za kichwa na shingo, yenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ikaonekana kwamba faida ya kuongeza dawa hupungua kadiri umri unavyopanda, na baada ya miaka 70 haikuonekana. Kwa hiyo daktari akimpa mzee wa miaka 80 mionzi bila dripu, hajambagua. Pengine amemwepusha na sumu isiyo na faida kwake.

Kwa ugonjwa usioweza kuondolewa, Mumbai wametupatia habari nyingine njema kwa watu wa kipato chetu. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya kulinganisha dripu ya sisplatini na vidonge viwili vya bei nafuu, methotreksati na selekoksibu. Nusu ya waliomeza vidonge waliishi miezi 7.5 au zaidi. Kwa waliopewa dripu ilikuwa miezi 6.1. Tofauti si kubwa, lakini vidonge havihitaji kulazwa. Hata hivyo tunaonya kwa nguvu zote: usivinunue dukani ukampa mzee. Methotreksati ya ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku kwa makosa inaua. Figo na damu lazima vipimwe kwanza.

KUTULIZA NI TIBA

Turudi kwa yule baba wa pili, asiyetoka kitandani. Kama hawezi kisu wala wiki saba za mionzi, je, hakuna tiba? Ipo. Maumivu yanatibika. Kidonda chenye harufu kinasafishwa, na daktari anaweza kuagiza dawa ya kupunguza harufu hiyo. Maumivu makali yanahitaji morfini, na morfini ya kunywa ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wala haimwahishi kufa. Huleta kufunga choo, basi apewe na dawa ya kulainisha. Uganda ilionyesha njia: mwaka 2004 iliruhusu kwa sheria wauguzi waliofunzwa kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asiteseke kwa kukosa daktari. Hilo ni jambo la kudaiwa kila mahali.

Mzee aliyetulizwa vizuri hulala usiku, hunywa uji, huagana na watu wake kwa akili timamu. Asiseme mtu kwamba hakutibiwa.

KAZI YA NYUMBANI

Meno: meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, na yapewe muda wa kupona. Kung'oa jino baada ya mionzi huweza kuozesha mfupa wa taya, hata miaka kadhaa baadaye. Mweleze daktari wa meno kwamba mgonjwa alipata mionzi.

Kinywa: asukutue mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea mikate. Asitumie dawa zenye spiriti, wala majani makali ya kuchoma kidonda.

Chakula: kinywa chenye kidonda hakitafuni, lakini tumbo linataka. Mwambao wetu haukukosa vyakula laini. Uji uliotiwa unga wa ndagala waliosagwa vizuri, maharage yaliyopondwa na kuchujwa, parachichi, ndizi mbivu, maziwa, yai, na kijiko cha mawese katika kila bakuli ili kuongeza nguvu. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, chakula kisiwe cha moto wala cha pilipili. Mpimeni uzito kila wiki; hata mizani ya kupimia mawese inatosha. Akikohoa kila anapomeza, au uzito ukishuka, mwambieni daktari mapema. Pengine atahitaji mpira wa kulishia kwa muda.

Tumbaku na pombe: kuacha kuna faida hata kwa mwenye miaka 80 aliyekwisha ugua. Vidonda hupona vyema, na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi. Sisi tunaompelekea tumbaku mwisho wa mwezi, tumpelekee maziwa.

FEDHA, NA WAJIBU WA CHAMA

Tusifichane, ndugu. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini mzee mwenye kidonda kinywani hakuwamo. Kadi ya msaada wa matibabu, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa ajili ya watu wasio na bima nyingine, bei yake ilifikishwa faranga 3000 kwa mwaka mwaka 2012, mwenye kadi akichangia asilimia 20 ya gharama. Ulizeni katika tarafa masharti yake yalivyo sasa, na mchukueni kadi kabla ya ugonjwa, si baada yake. Wenye bima ya kazini wasome kama mzazi anaingia.

Hesabu ya ukoo ifanywe kwa karatasi: tiba, safari, chakula cha mgonjwa na cha msindikizaji, na siku za kazi zitakazopotea. Shamba la michikichi linalolisha watu kumi lisiuzwe kwa tiba ambayo daktari mwenyewe hasemi itasaidia nini. Na pia mzee asikatwe matumaini kwa kisingizio cha umaskini, hali kidonda chake ni cha sentimita 2 na kinaondolewa kwa upasuaji mmoja.

Tawi la chama mahali pa kazi linaweza kufanya mambo manne. Kwanza, kudai katika mkataba wa pamoja siku za ruhusa kwa mfanyakazi anayemsindikiza mzazi mgonjwa, bila kufukuzwa. Pili, kuweka mfuko wa kusaidiana, wa mchango mdogo wa kila mwezi, utakaolipa nauli na kipimo cha kipande; maana hicho kipimo cha kwanza ndicho kinachowashinda wengi. Tatu, kuomba mwuguzi aje mara moja kwa mwaka, atuangalie vinywa sisi wenyewe na wazee wetu. Kunahitajika taa, kijiti cha mti na dakika mbili tu. Nne, kutoruhusu tumbaku na kanyanga kuwa sehemu ya ujira au zawadi ya kazi.

Ndugu wafanyakazi, mwisho wa mwezi huu ukifika nyumbani, mwombe mzee akae mlangoni penye mwanga, afungue kinywa. Tazama ulimi pande zote, chini yake, ndani ya mashavu, ufizi. Papasa shingo. Ukiona kidonda, hesabu wiki. Zikifika tatu, usingoje mwezi mwingine. Mpeleke, na huko njiani mwulize anataka nini.